Zamu

Ya kale ni dhahabu, nilimwambia Bohdana,
naye akacheka: dhahabu yenyewe, shangazi,
ni vitone vinne vya njano kwenye kioo.

Kweli. Katika toleo la pili la Ngome Tisa
mgodi ulikuwa mraba wenye tundu jeusi,
mkulima alikuwa kofia na miguu miwili,
na mto haukutiririka, ulipepesa tu,
buluu, buluu nyepesi, buluu,
kama taa ya tramu inayotaka kuzimika.
Maji tuliyatia wenyewe.

Ilikuwa Ostrava, mtaa wa Poruba, ghorofa ya sita,
kipupwe kile shimo la makaa la baba lilipofungwa.
Baba alilala mchana kochini, buti zake mlangoni
zikingoja zamu isiyokuwepo.
Mimi na binamu yangu Radim tulikuwa nazo zamu.
Kompyuta moja, kiti kimoja,
kipanya kimoja chenye mkia uliofungwa utepe.
Ukimaliza yako unainuka,
unamwachia mwenzio kiti kingali na joto,
unakwenda jikoni usije ukachungulia ramani.
Jikoni kuna supu ya kabichi chachu.
Unahesabu: wapiga mishale kumi na wanane, mbao tano,
daraja la kaskazini halina mlinzi,
je, ameshalijua?
Nusu ya mchezo ule niliucheza nimeshika kijiko.

La tatu lilileta mazimwi.
La nne lilileta hadithi ndefu, Radim akaziruka zote.
La tano sikulinunua, nilikuwa nanyonyesha.
La sita kila mtu hulitukana, hata asiyelicheza.

Sasa la saba. Bohdana amelifungua sebuleni kwangu
na mto unatiririka. Nakiri, nilisimama.
Wingu linapita juu ya ngano na ngano inainama,
mkulima ana jina, ana kikohozi,
ukimpeleka vitani mkewe anatoka mlangoni kumtazama.
Lakini yupo mshauri mwenye ndevu za kuchanwa
anayenong'ona kabla sijawaza:
Malkia, jenga ghala.
Malkia, daraja la kaskazini halina mlinzi.
Ebu nyamaza, bwana! Hilo nilitaka kuligundua mwenyewe.

Mchezo huu, nikasema, unamtafunia mchezaji.
Bohdana akajibu: na ule wenu ulimtafuna.

Tukabishana hadi tramu ya mwisho ikapita.
Kisha akasema, haya, washa.
Kile kinanda chembamba kikaanza,
kama mtu anayegonga glasi kwa uma.
Hakuna mshauri, hakuna jina, ukungu mweusi pande zote.
Akashindwa. Akaanza tena. Akashindwa.
Mara ya tatu akachukua karatasi, akachora mistari,
siku ya tisa, siku ya kumi na moja,
akanisukumia:
Mfalme wa Mashariki anaona ndani ya ukungu, shangazi.
Nikihamisha mlinzi mmoja tu, siku hiyohiyo anageuza njia.
Na dhahabu yake haina mgodi.
Anaiba.

Miaka ishirini na minane
nilimheshimu yule mfalme.
Kila aliponibwaga nilijiambia, kuna jambo sijajifunza.

Nikampigia Radim, yuko Linz, zamu ya usiku kiwandani.
Akakaa kimya, mitambo ikinguruma nyuma yake.
Nilijua, akasema. Tangu kipupwe kilekile.
Na hukuniambia?
Ungeacha kucheza. Ningebaki peke yangu
na kile kiti, na buti za mjomba.

Niliporudi sebuleni la saba lilikuwa limewashwa.
Amemzima yule mshauri. Kumbe ana kitufe,
kimefichwa chini ya vitufe vingine kumi.
Bohdana ameinuka, anaelekea jikoni,
supu hakuna, kuna mkate na siagi.
Nakaa. Kiti kina joto.
Mke wa mkulima kasimama mlangoni,
nami sijui nimtume nani darajani.